Ulimi Umetangulia Likizo

12 Februari

Shangazi,

Shikamoo. Magoti hayajambo? Masikio siulizi, kwa kuwa ndiyo yaliyonifanya nishike kalamu. Mara ya mwisho nilipokupigia simu nilisema "saratani", wewe ukasikia "sanamu", ukaniuliza nimeinunua wapi. Basi sasa iko kwa maandishi: saratani, titi la kushoto. Wamelikata mwezi uliopita. Kidonda kimefunga, mkono unapanda hadi usawa wa sikio. Jumatatu naanza dawa za dripu, sita, kila baada ya wiki tatu.

Mkuu wa kiwanda aliniita ofisini. "Mama, kaa nyumbani mpaka umalize. Kiti chako kipo." Nikamwambia nitafikiri. Nikafikiri kutoka mlangoni kwake hadi chumba cha kuonjea, hatua kama thelathini. Nimeamua kuendelea na kazi.

Nyumbani nitafanya nini? Mume wangu anatembea kwa ncha za vidole kana kwamba nimelala, na mimi nimekaa macho wazi namtazama. Kazini angalau watu wananipiga vikumbo. Kazi yenyewe unaijua: vikombe vya chai vimepangwa mstari, mimi nachota kwa kijiko, nafyonza kwa kelele, natema kwenye beseni, naandika neno, nasogea. Ni wapi pengine mtu mzima anasifiwa kwa kutema mate?

Ukitafuta huzuni katika mistari hii hutaipata. Hata mimi nimeitafuta. Nipo kama mguu uliokaliwa muda mrefu.

Mwana wa kaka yako


20 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Magoti yanalia kama bawaba. Masikio yamestaafu bila kuaga.

Nimesoma barua yako mara mbili, kisha nikaosha vyombo ambavyo vilikuwa visafi.

Acha kazi. Nimepiga chapa mahakamani miaka ishirini na minane. Nilipoondoka walinipa saa ya ukutani, na wiki iliyofuata mwenzangu alikuwa amekikalia kiti changu analalamika kwamba kimebonyea. Kazi ni kiti cha kinyozi, ukiinuka tu wanaita anayefuata. Baba yako alikuwa na kichwa kama chako. Alikwenda kazini na kikohozi chake mpaka tukaenda kumchukua huko huko, amelala.

Kaa nyumbani. Mume akitembea kwa vidole, mtupie kiatu.

Na usinijibu kwa maneno mengi. Andika "ndiyo, shangazi", inatosha.

Shangazi yako


9 Aprili

Shangazi,

Shikamoo. Nimekaa kimya, nisamehe. Dripu tatu zimeingia, zimebaki tatu. Nywele zimekwenda na nyusi zimezifuata. Mume anasema nina uso wa yai, nami nimeshukuru kwamba ameanza tena kunitania.

Sikuandika "ndiyo, shangazi". Nipo kazini.

Lakini kuna jambo, na barua hii uichome. Ulimi wangu umekufa. Baada ya dripu ya pili niliamka nikakuta kila kitu kina ladha ya msumari. Maji ni msumari. Mkate ni msumari uliolowekwa. Pua nayo imefunga duka. Nikajipaka wanja pale zilipokuwa nyusi, nikaenda kuonja chai.

Mezani tupo wawili. Mwenzangu ni yule mzee niliyewahi kukusimulia, tunayemwita Mzee Kijiko kwa sababu hata harusini huenda na kijiko chake mfukoni. Yeye husimama upande wa dirisha, mimi upande wa ukuta, vikombe katikati. Basi nasoma uso wake. Akikunja pua, naandika "imeungua". Akipandisha nyusi, na yeye anazo, naandika "imechangamka". Akitema upesi, "imelala", yaani haina nguvu. Hapa na pale napingana naye kidogo, tusije tukafanana kama pacha.

Sasa ni mwezi mzima. Juzi mkuu alipita akasema mbele ya watu, "Mnamwona mama huyu? Ugonjwa umegusa kila kitu ila ulimi!" Wakapiga makofi. Mzee Kijiko naye akapiga, huku akinitazama kwa namna nisiyoielewa.

Mwizi hutetemeka. Mimi hata kutetemeka sina. Nafyonza, natema, namtazama mzee, naandika.

Mwana wa kaka yako


28 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Barua sikuichoma. Nimeiweka chini ya godoro pamoja na siri nyingine zilizonizidi umri.

Ulimi hauna mfupa, ndivyo tulivyofundishwa. Wako sasa hauna hata nyama. Niliwahi kupiga chapa kesi ya mwalimu aliyefundisha hesabu miaka tisa bila kujua kuzidisha. Hakimu akamuuliza, "Ulikuwa unafanyaje?" Akajibu, "Nilikuwa namwita mwanafunzi ubaoni, kisha naliuliza darasa kama amepata." Mahakama nzima ikacheka, na mimi nikaharibu ukurasa.

Lakini chai inanywewa na watu, mwanangu. Mwambie mkuu. Kama mdomo ni mzito, anza na huyo mzee. Mtu anayekutazama hivyo keshajua.

Halafu ukapumzike. Hilo sijaliacha.

Shangazi yako


11 Juni

Shangazi,

Shikamoo. Dripu ya sita imeingia wiki iliyopita. Daktari amenipa mkono wa pongezi, nikaushika kama mtu anayepokea mzigo wa mwenzake.

Nilikusudia kumwambia mzee. Nikasema kesho, nikasema Ijumaa. Magunia yakanitangulia.

Mzigo mzima umerudishwa na mnunuzi. Tanuri la kukaushia lilikuwa limetoboka na moshi ukaingia kwenye majani wiki nzima. Barua ya mnunuzi inasema kuinywa chai ile ni kama kulamba chungu kwa nje. Likafunguliwa daftari letu la kuonjea. Mzee Kijiko: "Safi, imechangamka." Mimi: "Imechangamka sana."

Tukaitwa. Tulikuwa tumekaa kwenye benchi nje ya ofisi, mzee akaniinamia.

"Mwanangu, hivi moshi ule hukuupata?"

"Mzee, mimi sina ulimi tangu Machi. Nilikuwa nakutazama wewe."

Akatoa kijiko mfukoni, akakigeuza, akakirudisha.

"Makubwa," akasema. "Mimi nilikuwa nakutazama wewe."

"Tangu lini?"

"Huu ni mwaka wa sita. Uzee ulianza na ulimi. Kila nikikuona unakunja pua, nakunja."

Kumbe ule uso niliokuwa nausoma ulikuwa uso wangu, umechelewa kidogo tu. Na baada ya Machi tulikuwa vioo viwili vimetazamana, katikati hamna mtu.

Tulicheka mpaka karani akachungulia kuona kuna nini. Kicheko nilikisikia, shangazi, ila kilitoka kama kwenye nyumba ya jirani.

Ndani nikasema yote. Mzee naye akasema yake. Yeye amestaafishwa kwa upole. Mimi, mkuu akasema nipumzike mpaka nimalize mionzi inayofuata dripu, kisha nichague: nirudi mezani, au niende ghalani kusimamia ufungaji, kazi isiyotaka ulimi. Mezani kwa sasa kuna mwanamke kutoka kiwanda kingine. Wanasema anafyonza kama treni inayoingia stesheni.

Sasa nipo nyumbani. Mume amerudia ncha za vidole. Niambie nifanye nini. Safari hii nitaandika "ndiyo, shangazi".

Mwana wa kaka yako


30 Juni

Mwanangu,

Marahaba, na pole.

Barua hii nimeianza mara nne. Mara tatu ilianza na neno "acha".

Nilikuamuru kana kwamba najua. Sijui. Nilimfuata kaka yangu kwa basi, nikarudi naye amefunikwa. Sitaki kupanda basi hilo tena kwa ajili ya mtoto wake. Hiyo ndiyo sheria yote niliyokuwa nakusomea.

Kwa hiyo usiniandikie "ndiyo, shangazi". Nijibu swali moja tu. Miezi ile ulipokuwa unaonja kwa uwongo, nini kilikutoa kitandani kila asubuhi? Chai haikuwa, kwa kuwa hukuipata.

Shangazi yako


19 Septemba

Shangazi,

Shikamoo. Mionzi imekwisha mwezi uliopita. Ngozi ya kifua iliungua ikawa kama ganda la mkate, sasa inabanduka yenyewe.

Swali lako nimekaa nalo wiki kumi na moja. Jibu ni dogo mpaka naona haya. Kikombe kinakuja hakina jina, mimi nakipa neno, kinasogea. Hospitalini kila mtu alikuwa na neno juu yangu. Pale mezani neno lilikuwa langu, hata la uwongo.

Ladha ya uchungu imerudi Agosti. Nilikuwa namung'unya kidonge, nikakitema, nikakaa nacho mkononi namwita mume aje aone. Chumvi imefuata. Moshi bado. Daktari anasema huenda.

Nilikwenda kwa mkuu nikamwambia nataka meza, siku tatu kwa wiki.

"Na ulimi?"

"Ninachokipata nitakiandika. Nisichokipata, nitaandika sijui."

"Mama, daftari lile lina miaka mingi kuliko mimi hapa. Hakuna aliyewahi kuandika hivyo."

"Ndiyo maana mmerudishiwa mzigo."

"Jaribu mwezi mmoja," akasema.

Nimeanza jana. Kikombe cha kwanza, Treni, yule wa kiwanda kingine, akaniuliza, "Unaonaje, dada?" Nikasema, "Sijui." Akacheka. Cha pili, sijui. Akaacha kucheka. Cha tano nikasema, "Hiki kimelala." Akakirudia, akafuta neno aliloandika, akataka kuandika langu.

Nikamwambia, "Usinitazame mimi. Andika lako."

Akaandika lake. Hatukukubaliana, na maneno yote mawili yamebaki pale kwenye daftari.

Vikombe vya jana vilikuwa arobaini. Thelathini na moja nimeandika sijui, na chini ya kila sijui nimetia sahihi. Kesho nipo tena.

Mwana wa kaka yako