Seli Zinazohamia Usoni

Morogoro

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Nakuandikia nikiwa mzima, ila macho yananiuma kwa kuchungulia. Vipi mgongo wako baada ya kuvuna alizeti? Na wifi yangu Luciana, anaendeleaje na mtoto? Usishangae kupata barua wakati simu ipo. Simu ya mdogo wangu Enock huwekwa spika nyumba nzima ikasikia, na haya nataka uyasome peke yako.

Hapa chuoni nimepangiwa kutunza samaki wadogo wenye mistari kama pundamilia. Mayai yao ni maangavu, ukiyaweka chini ya hadubini unamwona samaki akijijenga humo ndani. Mama, hata kula nasahau. Kumbe uso hautengenezwi wote pale pale ulipo! Kuna seli zinazozaliwa kwa nyuma, palipo ubongo na uti wa mgongo, kisha zinahama hadi mbele kufanya taya na kinywa. Nikamuuliza mwalimu wangu, Dokta Hana, nani anazionyesha njia. Akasema seli nyingine hutoa kemikali, na wasafiri hawa huifuata kama nyuki anavyofuata harufu ya ua. Nikauliza tena, je, wasipoinusa? Akacheka, akasema mimi sishibi maswali, akanionyesha samaki ambao seli zao haziwezi kuipokea kemikali hiyo. Baadhi hazikufika, na kaakaa lilibaki na ufa.

Hapo nikamkumbuka mtoto wa Luciana na mdomo wake uliopasuka. Nasikia majirani hapo Mgori wanasema eti Luciana alimcheka mlemavu akiwa mjamzito, na Enock anataka kumrudisha kwao Itigi. Nikamweleza Dokta. Akasema kwa binadamu sababu ni nyingi, nyingine bado hazijulikani, lakini kicheko hakimo. Pande za mdomo huungana mimba ikiwa changa mno, pengine mama mwenyewe hajajua kama anayo. Na hospitalini wanaushona.

Kisha akaniuliza mimi nilishonwa nikiwa na umri gani. Nikamjibu nilivyozoea, kwamba kovu hili la mdomoni nililipata nikitambaa, nikaangukia figa. Akalitazama tena, akasema linafanana na mshono wa hospitali. Nikampigia shangazi Anastasia. Aliguna weee, mwisho akasema kweli: nilizaliwa hivyo mlipokuwa mkiishi Manyoni, ukanibeba hadi Dodoma nikashonwa, ndipo mkahamia Mgori na habari ya figa, nisichekwe mimi wala usisemwe wewe. Enock alikuwa hajazaliwa.

Sikulaumu, mama. Nimelia, lakini kwa kukuonea huruma, maana uliogopa peke yako. Ila sasa Luciana anasemwa ndani ya nyumba yako, nawe unajua. Enock hatanisikiliza mimi na samaki wangu. Wewe atakusikiliza. Mwite, Luciana akiwepo, uwaambie kwamba Esta wako alizaliwa na mdomo kama wa mtoto wao, na wewe hukumcheka mtu.

Wasalimie wote hapo nyumbani. Mtoto mbusu kwa niaba yangu, hapo hapo penye ufa.

Ni mimi mwanao,
Esta