Eda ya Mtu Aliye Hai

Baba Zainabu,

Salamu siandiki. Karatasi hii nimeipata kwa shida, siwezi kuimaliza kwa kukuuliza hali. Hali yako nimeshaelezwa: umenenepa, unakula nguru wa Kiswere, na una mke mpya anayekuita "bwana" kwa sauti ya kubembeleza. Binti Sefu, yule muuza samaki wakavu, amekuona kwa macho yake, mkazungumza, na ukampa ujumbe aniletee. Alipofika hapa Kivinje alikaa chini, akaomba maji, akanywa, kisha akasema, "Mama Zainabu, naapa kwa Mungu, mumeo hajafa." Nilicheka. Nilidhani njaa ya mwaka huu imempanda kichwani.

Ndipo akanipa maneno yako. "Mwambie asikubali nyumba ichukuliwe. Mambo yakipoa nitarudi kwangu."

Kwangu! Loo, mwanamume wewe huna haya! Kwako wapi?

Hebu tukumbushane, maana naona umesahau mengi. Nyumba ile tuliijenga wote wawili mwaka wa kwanza wa ndoa yetu, tulipokuwa tumechoka kulala chumba cha uani kwa mama yako. Wewe ulikata fito na boriti, mimi nilibeba udongo na maji mpaka utosi ukauma. Bangili zangu za fedha, alizonipa marehemu baba, ndizo zilizokwenda kwa seremala zikarudi mlango. Ulikuwa ukikandika ukuta huku unaimba, udongo umekutapakaa hadi kwenye nyusi, na mimi nakucheka. Siku zile nilikupenda, sikatai. Ningekuwa sikukupenda, leo nisingekuwa na hasira hizi.

Halafu ikaja ile alasiri ya rehani. Nilikuwa nakuna nazi. Ulikuja ukachuchumaa mbele yangu na hadithi yako ya utomvu wa mpira na nta: ukipata vitambaa na chumvi ukapeleka bara, utarudi na mzigo wa kututoa kwenye dhiki. Bwana Kasamu, yule Mhindi mwenye duka karibu na soko, alikuwa tayari kukupa bidhaa, naye ashike nyumba. "Miezi sita tu," ulisema. "Nikirudi tunaikomboa, na wewe nakununulia doti tatu za kanga." Nikakuuliza, "Na usiporudi?" Ukaruka, "Ala! Unanitabiria mabaya mumeo?" Nikaendelea kukuna nazi. Kosa langu la kwanza hilo.

Huko bara watu wakanywa dawa ya maji, vita na Mdachi vikazuka, vitambaa na chumvi vikaungua njiani. Ulirudi na fimbo tu mkononi. Sikukulaumu, na wewe unajua sikukulaumu. Hata Mdachi alipotafuta wapagazi wa kumbebea mizigo ya vita, ukasema unakwenda kwa hiari yako ili ujira ukomboe nyumba, nilikufungia mihogo mikavu kwenye kitambaa na kukusindikiza mpaka mwisho wa mji. Mwanetu Musa alikuwa mgongoni mwangu, hata kutembea hajaanza.

Miezi ikapita, wakaja wapagazi wawili na kofia yako, ile niliyokushonea kwa mkono wangu. Walisema mto umekuchukua, kofia imebaki kwenye matete. Niliigeuza ile kofia nikaona tundu moja ubavuni nililolikosea kulishona, likawa kubwa kuliko wenzake. Hakuna kofia nyingine duniani yenye kosa lile. Nikapiga yowe mpaka majirani wakajaa. Leo Binti Sefu ananiambia uliutupa mzigo wa Mdachi ukatoroka, ukamkabidhi mwenzako kofia kwa mkono wako, ailete huku, ili boma la Mdachi wakuandike umekufa wasikutafute. Umenichezea shere kwa mishono yangu mwenyewe, Baba Zainabu!

Basi tukakuwekea matanga. Mbuzi wangu mmoja niliyekuwa naye alichinjwa, watu wakala, wakakusomea hitima, wakasema ulikuwa mpole. Bwana Kasamu alikuja, akakaa barazani na wanaume. Kabla hajaondoka alimtuma mkewe aingie ndani aniambie, "Hakuna atakayeigusa nyumba hii mpaka utoke eda." Ndiye yule uliyezoea kumwita bahili.

Na hapo sasa ndipo moyo wangu unapochemka. Kazi yangu ya ghalani, ya kuosha na kuchambua sandarusi, ile gundi kavu ya miti, unaijua. Ndiyo iliyotulisha wakati mfuko wako ulipotoboka. Msimamizi alituma mtu kuuliza nitarudi lini. Shehe mwenyewe aliniletea neno kwamba mwenye shida anaweza kutoka mchana kutafuta riziki, kisha arudi ndani. Shangazi yangu akanisihi, "Mwanangu, dini imekupa nafasi, ichukue. Watoto watakula nini?" Nikakataa. Nilitaka kukukalia eda iliyo kamili, isiwe na doa, ufike mbele ya Mola na mkeo amekutimizia. Miezi minne na siku kumi sikuvuka kizingiti. Sikujipaka mafuta, sikuchana nywele zikapendeza, sikuvaa ila shuka nyeupe iliyochakaa. Zainabu, mtoto wa miaka minane, ndiye aliyekwenda kisimani na sokoni, akirudi na vipande vya muhogo vya kuhesabu. Usiku na mchana nakuombea. Na wewe wakati huo unakula harusi!

Nilipotoka eda nilikwenda ghalani moja kwa moja. Nafasi yangu alikuwa ameketi mwanamke mwingine. Msimamizi hata hakuinua kichwa. "Tulikungoja mwezi mzima," alisema, "mwenzio akaja, tukampa." Nilirudi nyumbani sijui napita njia gani.

Bwana Kasamu akaja na karatasi yake. Kwa kadhi ilishasemwa kwamba nyumba ni ya watoto wako, pamoja na deni lake. Angetaka angeiuza siku ileile. Nilimwambia, "Nipe muda, nitakulipa kidogo kidogo, wanangu wasitoke hapa." Alikunja karatasi yake, akasema, "Mpaka Mfungo Tatu, mwezi wa hija. Nafanya hivi kwa ajili ya mayatima." Nikajifunga kibwebwe. Mimi na watoto tukahamia jikoni uani, tunalala kando ya mafiga. Nasuka ukili mpaka vidole vinapasuka, natwanga mtama wa watu, nafua nguo za watu. Sijakosa kumpelekea fungu lake hata mara moja.

Sasa niambie, nikikutana na Bwana Kasamu nitamtazama kwa macho gani? Mayatima wako wapi? Musa ameshajua kuinua mikono. Kila tukimaliza kusali anasema, "Mungu amrehemu baba." Jana alisema hivyo nikatoka nje, nikajifanya natafuta kuni, maana nilijua nikibaki nitamwambia.

Kukimbia sikulaumu. Kiboko cha Mdachi kinauma, na hapa mjini nimeona kwa macho yangu waliotundikwa. Ungekuwa umejificha porini ukala mizizi, ningekulilia. Lakini Kiswere ni mwendo wa siku chache tu! Ungenitumia neno moja kwa mtu unayemwamini, ningelimeza nikaingia nalo kaburini. Ningekwenda kazini, ningelisha watoto, ningekutunzia siri yako. Hukuniamini na siri, lakini umeniamini na deni. Na neno la kwanza ulilonitumia tangu ufe ni la kuniambia nikulindie nyumba.

Nisikilize vizuri. Ukiwa hai, nyumba ni yako, na mimi napasua vidole kulipia nyumba ya mume wa mtu. Ukiwa umekufa, nyumba ni ya wanao. Sitakaa katikati. Kadhi sijamwambia kitu, Bwana Kasamu sijamwambia, na Binti Sefu ameapa. Lakini mimi ni Mwislamu, siwezi kujiita mjane maisha yangu yote huku najua mume wangu anakula nguru.

Kwa hiyo andika. Karatasi ya kwanza, talaka yangu, tena iwe ya mwisho, sitaki ya kurejea. Karatasi ya pili, nyumba umewapa Zainabu na Musa, na wewe huna tena haki nayo, wala huyo wa huko, wala watakaozaliwa naye. Weka mashahidi wawili wanaosali. Binti Sefu atakuwa Kiswere siku tatu akinunua samaki. Mpe yeye. Deni nitalimaliza mwenyewe, sitaki hata pesa moja ya mkono wako. Kisha karatasi nitaziweka, ukae huko kwa amani na mkeo, na hapa uendelee kuombewa rehema.

Na kama kalamu ni nzito, njoo. Sitakuzuia. Njia unaijua na mlango unaujua, piga hodi tu.

Ila tangu nilipohamia jikoni, vyumba viwili vya mbele nimevipangisha, na kodi yake ndiyo inayoziba fungu kubwa la Bwana Kasamu. Majirani wananisema kwa sababu ya huyo mpangaji, lakini analipa kila mwisho wa mwezi na ana adabu. Ni askari wa boma. Bunduki yake huiegemeza kwenye ukuta ule ulioukandika wewe, na yeye ndiye anayeitika hodi. Mara nyingine jioni anakaa barazani ananiuliza marehemu alikuwa mtu wa namna gani, na amekufaje.

Mpaka leo namjibu kwamba alikuwa mtu mwema, amechukuliwa na mto.

Mimi mjane wako,
Mama Zainabu