Saa Moja ya Kinshasa

Lundi 2/6
Baridi. Nilikunywa chai bila sukari. Nilizungusha ufunguo ya montre, saa yangu ya mukono, kama kila asubui, toka wakati nilikuwa chef de train, mukubwa wa treni, ku njia ya reli ya Sakania. Montre hii haichelewake. Na mimi sichelewake.
Solange alinitumia ujumbe. Mutoto wangu wa mwisho, anaishi Kinshasa. Jeudi anaenda Johannesburg kwa bwana yake, kukaa kabisa. Ndeke itasimama hapa kwetu, atatoka inje kunisalimia. Inatoka kule 10h, inafika huku 13h20.
Toka tulizika mama yake sijamuona.

Mardi 3/6
Niliuliza fundi wa telefone ku soko: ndeke inaruka masaa ngapi toka Kinshasa? Mbili na dakika makumi mbili. Ni mbali, zaidi ya kilometa elfu moja na mia tano. Nilihesabu na kichwa. 10h na 2h20 ni 12h20. Mutoto alikosea saa nzima.
Nilimupigia. "Papa, ni 13h20, njo vile banaandika ku biye ya ndeke." Nikamwambia nilipeleka bantu Sakania miaka makumi tatu, si wewe utanifundisha saa. Akacheka. "Aya, Papa. Ukuye tu."

Mercredi 4/6
Nilikaanga kalanga ya Solange. Mama yake njo alikuwa anamukaangia. Zinaungua kidogo. Si mubaya.

Jeudi 5/6
Luano, ku kiwanja ya ndeke, 11h30. Hakuna muntu alinitangulia. 12h20, hakuna ndeke. 12h40, hakuna. 13h, hakuna.
Hakupanda. Alinidanganya. Askari anasema, Mubaba, ngojea kidogo. Mimi chef de train, singojeake.
Nilizima telefone, nikapanda pikipiki kurudi kwangu Bel-Air. Ku njia ndeke moja ilipita juu yetu. Sikuinua kichwa.

Vendredi 6/6
Mama Béa, jirani, aliingia bila kubisha hodi. Jana Solange alimupigia yeye, analia. Alisimama inje pale Luano saa nzima, na palto, koti ya baridi yenye alininunulia. Akaiacha kwa askari, akapanda ndeke yake.
Mama Béa akaniambia: "Papa, Kinshasa iko nyuma yetu saa moja. 10h yabo ni 11h yetu."
Nilibisha. Nilibisha sana. Njia yote ya Sakania saa iko tu moja. Mama Béa akaenda.
Nilihesabu tena. 11h na 2h20.
13h20.

Samedi 7/6
Nilienda kuchukua palto. Askari alinipatia. Inanienea. Alikumbuka mabega yangu.

Dimanche 8/6
Sikuenda misa. Solange aliandika atapiga 18h. Telefone iko wazi toka asubui, pa meza, pembeni ya kalanga.
Niliuliza bantu batatu juu ya Johannesburg. Mama Béa, fundi, na askari. Bote batatu banasema ile ile, saa yabo na yetu ni moja.
Ninavaa palto. Hapa 17h40. Kule pia 17h40.