Marumaru Nyeupe Zimefukuza Fufu

Shangazi Dentaa mpendwa,

Nakusoma kila Jumamosi na huwa nawacheka wanaokuandikia, sasa zamu yangu imefika na naomba unisaidie kabla nyumba haijabaki na mimi na mijusi.

Nina nyumba ya ua hapa Tafo, Kumasi, aliyoniachia marehemu mama, vyumba vimeuzunguka ua pande zote, mimi nakaa kimoja na vingine nimepangisha, na mwaka huu wapangaji waliponilipa kodi ya miaka miwili mbele kama desturi yetu nikasema safari hii pesa siili, nafanya ukarabati, na naapa nia yangu ilikuwa bati, maana mvua ikinyesha chumba cha Mwalimu Amponsah kinavuja mpaka analala na beseni kitandani kama mke, lakini nikiwa njiani kwenda kununua bati nikapitia kwa rafiki yangu Ohenewaa, mwenye dada Hamburg anayemtumia pesa, nikakuta ua wake umetandikwa marumaru nyeupe zinazong'aa mpaka unaona kope zako, shetani akaniingia, bati nikalisahau, nikanunua marumaru zilezile.

Fundi alipomaliza majirani walikuja kuangalia, nami nimesimama mlangoni na kitambaa kipya kichwani, raha tupu. Jumapili yake, baada ya kanisa, Maame Konadu akatoa kinu. Huyu ni muuza samaki wa kukausha, shoga wa mama, anakaa chumba cha kona tangu mimi sijaota meno. Akakiweka katikati ya ua kama Jumapili zote, mbele ya kigoda alichokuwa anakalia mama akimgeuzia fufu kinuni, muhogo na ndizi vya fufu vimeshachemshwa, akanyanyua mchi, twa, twa, na ya tatu nikasikia ka! Ufa umetoka kwenye kinu mpaka mlangoni kwangu.

Nikapiga kelele, "Maame, sakafu yangu!"

Akauegemea mchi. "Sakafu yako? Sasa fufu tutwangie wapi, mwanangu, kitandani?"

Hapo ndipo nilipoharibu kabisa, Shangazi, kwa sababu nilipiga marufuku kutwanga ndani ya ua, kisha nikapeleka kila chumba pakiti ya unga wa fufu, ule wa kukoroga kwenye sufuria, nikidhani nimefanya wema. Mwalimu Amponsah aliirudisha pakiti kwa mikono miwili, kwa adabu zote.

"Sista Dufie, asante sana. Gundi ya kubandikia karatasi shuleni tunayo."

Ikaja mvua, ua ukateleza kama umepakwa sabuni, Maame Konadu akaanguka na sufuria nzima ya mchuzi wa chikichi, mgongo haukuvunjika namshukuru Mungu, ulimi nao haukuvunjika. "Mama yako alinipangisha nyumba," alisema akiwa bado chini, "wewe umenipangisha sahani." Sasa anafunga mizigo, na wengine wanasema akitoka yeye wanamfuata.

Jumapili iliyopita ua ulikuwa kimya kama tumefiwa. Hamu ya fufu ikanishika, nikajitanda mtandio, nikavaa miwani ya jua, nikatoroka hadi mgahawa wa nyuma ya stendi. Nani nawakuta kwenye benchi? Wapangaji wangu wote! Maame Konadu akasogea kunipisha. "Mwanangu, kaa. Hapa chini ni udongo, haupasuki." Nikala nimeinamisha kichwa, na mchuzi ulikuwa mtamu, hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Pesa iliyobaki ni kidogo na bati bado linavuja. Ning'oe sakafu mtaa mzima unicheke, au nimwache Maame Konadu aende? Nimemzoea tangu utotoni, Shangazi. Akiondoka itakuwa kama mama amekufa mara ya pili.

Ni mimi Dufie, Tafo.

*

Dufie, mwanangu,

Nimecheka, nikakasirika, nikacheka tena. Kwa ile miwani ya jua nakupa pole. Kwa marumaru sikupi.

Ohenewaa hapangishi mtu! Kwenye ua wake anapita yeye na paka wake. Kwenye wako zinapita ndoo, majiko ya mkaa, mabeseni ya samaki na kinu cha Jumapili, na wewe umeutandika sakafu ya sebule. Hukununua kitu kibovu, umenunua kitu cha nyumba ya mtu mwingine. Mwenye kupangisha akishika kitu dukani hajiulizi kinang'aa vipi, anajiuliza Jumapili mchana kitafanywa nini.

Sasa nisikilize. Bati kwanza, tena leo. Chukua nene, si lile la bei poa linalokunjika kama gazeti, na misumari yenye mipira yake. Huwezi paa zima? Anza kwa Mwalimu, beseni limechoka kuolewa.

Halafu mrudishe fundi ang'oe hizo marumaru. Amwage zege la kokoto, na pale kinu kinapokaa aongeze unene. Likiwa bado bichi alipitishie ufagio libaki na mikwaruzo ya kushika mguu, na aliwekee mteremko kuelekea mtaroni. Simama hapohapo uone saruji inaingia kwenye zege na si kwenye mkoba wa mtu. Lisipomwagiwa maji asubuhi na jioni kwa wiki nzima litapasuka hilo nalo, na safari hiyo usiniandikie.

Marumaru zitakazotoka nzima usizitupe, zibandike kwenye kuta za bafu, huko hakuna anayetembea. Vipande vipangwe ukutani nyuma ya majiko, masizi yatafutika kwa kitambaa. Na kama mlango wa bafu ni wa plaiwudi, najua umeshavimba, weka wa bati. Kuta za uani rangi ya mafuta, mpaka kiunoni tu, mikono michafu haifiki juu zaidi. Ukibakiza pesa, kaa nazo. Usipite kwa Ohenewaa.

Mtaa utakucheka, ndiyo. Unakucheka tayari, mwenye nyumba anayetoroka kwake kwenda kula fufu! Hukuona kwamba mpangaji wa kwanza kufukuzwa na sakafu hiyo ni wewe?

Kuhusu Maame Konadu, nenda kabla hajafunga mzigo wa mwisho, umwombe akupe muda zege likauke. Jumapili yake nunua muhogo na ndizi wewe mwenyewe, mkabidhi mchi, kisha kaa chini kwenye kigoda alichokuwa anakalia mama yako na ugeuze fufu kwa mkono wako kila mchi unaponyanyuka. Muombe msamaha hapohapo, yeye akitwanga, vidole vyako vikiwa ndani ya kinu.

Ukimaliza ukavikuta vyote, amekusamehe.

Shangazi Dentaa