Halua na Kahawa za Nizwa

Mdogo wangu Saidi, nakusalimu wewe na wote waliomo nyumbani.

Jana sisi vizee watatu tulikwenda Nizwa kwa basi, tukapita duka hadi duka la halua, tukionjeshwa na kumiminiwa kahawa. Huku ukitosheka waitikisa finjani, ndipo wenye duka huacha kumimina. Daktari kanikataza kahawa, lakini niliona haya kuitikisa kabla ya wenzangu.

Ndani ya basi la kurudi Ibra moyo ukanienda mbio, jasho likanitoka, nikaanza kupiga shahada kimoyomoyo.

Hamdani, mmoja wa wale wenzangu, akaniuliza, "Wataka kufa?"
"Labda."
"Basi nipishe dirishani."

Nikampisha.

Nakuandikia leo moyo umeshatulia. Miaka yote nakutania kuwa utanitangulia kaburini. Naufuta utani huo, ndugu yangu. Tubaki sote.

Kakako, Nasoro