Ukurasa wa Mwisho wa Kitabu cha Radi

Baba Kidoti,

Ukiamka, maharage yako jikoni, yapashe moto kwanza. Nguo zimelowa tena kambani, ziache tu. Sinia usilitafute, ninalo mimi.

Nimekimbilia kwa wachapaji. Wanaanza kuchapa kitabu changu leo na simu hawapokei.

Wewe ulirudi kutoka zamu ukalala kama gogo, hukusikia kitu. Ile radi kubwa ilipopiga, brashi ilinidondoka nikajikuta chini ya meza hii hii. Mimi, niliyechora kitabu kizima cha kuwaambia watoto radi si ya kuogopwa. Kidoti akainama, akaniuliza, "Mama, tuhesabu?" Akanishika mkono. Kila umeme ulipomulika tulihesabu mpaka ngurumo, hadi zikawa mbali. Halafu akasema, "Kwenye kitabu umedanganya. Mama yule haogopi hata kidogo."

Tangu hapo sikai, sisimami. Nimechora upya ukurasa wa mwisho, mama akiwa chini ya meza. Rangi mbichi, ndiyo maana nimeubeba kwenye sinia. Wakikataa kuubadilisha, nitakaa mlangoni kwao mpaka wanichoke.

Kidoti yuko kwa jirani, yule fundi cherehani. Mchukue kabla hajaanza kusinzia. ~~Mwambie asimsimulie mtu habari za meza.~~ Mwache asimulie.

Radi ikirudi kabla yangu, usimwambie asiogope. Mpe mkono tu, mengine anayajua.

Mama Kidoti,
wa chini ya meza