Zambarau ya Nafula

Jumanne. Mvua imeshika Kyebando tangu asubuhi na mabati yangu yanaongea peke yake. Mimi pia.

Kampala hii hakuna mtu anayezungusha rangi kwenye tovuti kama mimi, na hilo naliandika bila aibu. Shule niliiacha darasa la sita. Lakini nilipofika huku baada ya vita vya themanini na sita, kijana mbichi kutoka Bungoma, nilipaka maduka ya Kamwokya yaliyotobolewa na risasi mpaka wenyewe wakasahau kulikuwa na vita. Mama mmoja alilipita duka lake mwenyewe, akalitafuta mpaka jioni.

Kwenye ndoo ya rangi, ukikosea umeharibu ndoo nzima. Kwenye kompyuta rangi zimepangwa kwa duara: unaanza nyekundu, unapita njano, kijani, buluu, zambarau, unarudi nyekundu. Namba moja ndiyo inayosema umesimama wapi kwenye duara. Nyingine mbili ni za ukali na mwanga. Ile moja naiandika juu kabisa ya faili la ukurasa, na vitufe, mistari, vichwa vya habari, vyote vinaisoma pale. Nikiisogeza, ukurasa mzima unageuka kama kinyonga aliyeshtuliwa. Kuna vijana wenye vyeti wanaobadilisha kitufe kimoja kimoja. Nawaonea huruma.

Binti yangu Nafula anafanyiwa kwanjula mwezi ujao, ile siku mchumba anapoletwa kutambulishwa kwa wazee. Itafanyika kwa mjomba wake, kwa sababu mimi na mama yake tuliachana zamani na huko ndiko alikokulia. Mjomba ndiye atakayekalia kiti cha baba.

Mimi nimepewa ukurasa wa mwaliko.

Unatakiwa uwe zambarau ile ile ya gomesi za mashangazi, yale magauni marefu ya sherehe, ambazo zimeshashonwa. Mara ya kwanza niliweka 268. Nafula akapiga simu: "Baba, hii ni wino." Nikapeleka 312. Akapiga tena: "Sasa ni juisi ya bitruti."

"Simu yako ndiyo mbovu, mama."

"Yangu mbovu, ya shangazi mbovu, ya Daudi nayo mbovu? Si ni wewe uliyesema ulibadilisha rangi ya tovuti ya Nairobi ukiwa juu ya bodaboda, watu wa huko wakaita fundi wa umeme?"

Akacheka. Nikacheka. Tukaongea mpaka chai yangu ikapoa: goti langu, bosi wake, huyo Daudi, mchumba wake, anavyokoroma kwenye ibada.

Kabla ya rangi hii alikuwa ananipigia Krismasi tu.

Sasa niseme nisichomwambia mtu. Namba sahihi naijua. Alinitumia kipande cha kitambaa, nikakishika kando ya skrini mlango ukiwa wazi, na 290 ikakaa pale pale. Niliipata siku hiyo hiyo. Tangu hapo kila asubuhi naisogeza kidogo, leo kushoto, kesho kulia, halafu naweka simu mezani nasubiri.

Sijawahi kukosea kazi kwa ufundi namna hii.

Leo mchana amepiga, na hakucheka. Shangazi yake Daudi ameuona ukurasa. Upande wao nao wanataka kushona gomesi za kufanana, na kesho asubuhi mama huyo anaingia mjini kununua kitambaa, simu mkononi, akifuata rangi yangu.

"Baba, wakija na bitruti, mjomba atasema mbele ya watu wote kwamba ni wewe. Na mimi nitakutetea vipi?"

Nikamwambia asikate. Nikaandika 290. Fungua upya, nikasema.

Akafungua. Kisha: "Ndiyo hiyo. Hiyo hiyo kabisa. Usiiguse tena, baba."

"Siigusi."

"Asante. Wacha nikimbie, niko kazini."

Akakata.

Nimekaa mbele ya ukurasa mzuri kuliko wote niliowahi kutengeneza, na hapa siongezi chumvi. Hauna kasoro hata moja ya kumfanya mtu anipigie.

Mkono umeenda kwenye ile namba. Nimeurudisha.

Kesho nitapiga mimi. Sina rangi ya kuuliza. Baba anaanza na neno gani?